Diski Mpya kwa Kompyuta ya Kazi: Mwongozo kutoka Kengeleni

Mwisho wa Juni, muda wa kujaza ritani za KRA unapokaribia kwisha, foleni kwenye saiberi za Frere Town hutokeza hadi nje barabarani. Mzee ameshika kitambulisho chake, mama aliyetoka soko la Kongowea ameweka kikapu chini, na wewe mwenye duka umekodolea macho kiduara kinachozunguka kwenye skrini. Umewasha kompyuta dakika saba zilizopita na bado haijakubali kufungua hata kivinjari. Usiulaumu mtandao. Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zifike pwani yetu mwaka 2009, mtandao hauwezi kubebeshwa kila lawama. Mara nyingi kinachokuchelewesha kimo ndani ya kasha lililo miguuni pako: hadidiski ya zamani iliyochoka.

Nimebadilisha diski nyingi kwenye maduka na afisi za kati ya Kengeleni na Bombolulu, na jambo moja nimeliona tena na tena. Watu hutoa pesa pasipohitaji pesa. Hununua kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, kasi ambayo mashine yao haiwezi kuitumia, kisha hubana pale penye hatari hasa: uhalali wa diski yenyewe, nafasi yake, na stima inayoilisha.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende kwenye ukurasa unaoonyesha kazi ya kila kiungo cha kompyuta. Ukikuta diski imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikicheza kwenye asilimia 10, umempata mkosaji. Tazama na RAM pia. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 hugeuza diski kuwa ghala la dharura, ikipeleka na kurudisha vitu humo kutwa nzima. SSD, diski ya kisasa ya chipu, itaipunguzia mateso, lakini dawa kamili ni kuongeza RAM ifike GB 8 siku hiyo hiyo kasha likiwa wazi.

Hadidiski ni sahani zinazozunguka, mara 7,200 kwa dakika kwenye kompyuta nyingi za mezani, na mkono mwembamba unaokimbia juu yake kutafuta kilichoandikwa. Faili moja kubwa iliyopangika huisoma vizuri. Taabu ni kwamba kompyuta inapowaka haisomi faili moja kubwa. Inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila pembe. Ni kama kumtuma mtoto sokoni akuletee kitunguu kimoja, arudi, umtume tena kwa nyanya moja, arudi, umtume kwa pilipili. Mkono wa hadidiski huweza safari mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina mkono wala sahani. Inaokota kutoka kwenye chipu, na hata ile ya bei ya chini hufanya safari hizo kwa maelfu mengi. Kompyuta iliyochukua dakika tano kuwaka itawaka chini ya nusu dakika.

Hapo ndipo penye siri ambayo muuzaji hatakwambia. Mruko mkubwa ni ule wa kutoka hadidiski kuja SSD yoyote ya kweli. Ukishavuka hapo, SSD ya kasi na SSD ya kasi mara kumi zaidi huzitofautishi kwa macho unapojaza fomu ya eCitizen, unapochapisha barua au unapofungua hesabu za chama. Diski ya SATA husoma hadi karibu MB 550 kwa sekunde, kwa sababu mlango wenyewe una kikomo cha gigabiti 6. Diski ya NVMe, inayopitia mlango mpya wa kasi zaidi, ikiwa ya kizazi cha tatu hufika MB 3,500, ya kizazi cha nne kama 7,000, na ya kizazi cha tano hupita 10,000. Tarakimu hizo zina maana kwa anayehariri video za harusi kutwa nzima. Kwa kazi ya kawaida, unanunua sekunde mbili tatu asubuhi.

Kwa hivyo fungua kasha kabla hujafungua pochi. Kompyuta nyingi za kazi mtaani kwetu ni zile ziitwazo ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zilizotumika ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kupandishwa meli. Ni mashine imara na mimi nazipenda. Lakini umri wake ndio unaoamua utanunua nini. Zile za prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, zilizoanza kutoka mwaka 2013, mara nyingi hazina tundu la NVMe, na hata ukichomeka diski ya NVMe kwa adapta huenda kompyuta ikakataa kuwakia humo. Kuanzia kizazi cha sita, mwaka 2015, tundu la M.2, linaloweza kupokea NVMe, huanza kuonekana, ingawa si kwenye kila modeli. Andika jina kamili la modeli, au piga picha bodi kuu, uende nayo dukani.

Diski ya SATA ya inchi 2.5 ni kijisanduku bapa chenye unene wa milimita 7. Huchukua nyaya mbili, mmoja wa data na mmoja wa stima. Ukikuta kasha limeishiwa nyaya, chomoa kiendeshi cha DVD ambacho hujakitumia tangu ununue mashine, uchukue zake. Wala usihangaike kutafuta fremu ya kuishikilia, maana haina kinachozunguka ndani. Ukanda wa kunata unatosha. Halafu kuna M.2, kijibao chembamba kinacholala juu ya bodi kuu kwa skrubu moja. Kile cha kawaida huandikwa 2280, maana yake upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80.

Kwenye M.2 ndiko wengi wanakoangukia. Kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, na zinafanana kama pacha. Tundu linalopokea moja huenda lisiitambue nyingine kabisa. Tazama meno ya shaba: diski yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Hiyo ni dalili tu. Uamuzi uko kwenye maandishi ya lebo na kwenye kitabu cha bodi kuu. Mteja mmoja alivuka daraja la Nyali mara tatu kwa siku moja kurudisha diski, nauli ikaelekea kulingana na akiba aliyodhani ameipata.

Ushauri wangu ni huu. Mashine yenye prosesa ya kizazi cha nne au cha tano, nunua SATA ya inchi 2.5 bila kujuta. Siku mashine ikifa, diski hiyo utaihamishia kwenye nyingine yoyote, hata laptopu. Mashine yenye tundu la NVMe, nunua NVMe ya kawaida ya kizazi cha tatu au cha nne. Ya kizazi cha tano iache dukani: ni ghali, hupata moto, na kompyuta yako haina njia ya kuitumia.

Kuna jambo la kujiuliza mapema. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya zamani unayoiwekea diski leo inaelekea wapi basi? Kama kazi zako zote hufanyika kwenye kivinjari, Linux Mint au Ubuntu juu ya SSD itakufanyia kazi vizuri kwa miaka. Kama unategemea programu ya uhasibu inayotaka Windows pekee, huenda pesa ya diski kubwa iwe mchango wa mashine nyingine.

Nafasi sasa. Diski ya GB 120 ilikuwa na maana zamani. Leo Windows yenyewe, masasisho yake na programu za afisi vitaijaza ukiwa bado hujaweka faili lako la kwanza. GB 240 hutosha kwa kubana. Kwa kompyuta ya kazi nasema GB 480 au 500, na sababu si kuhifadhi tu: SSD iliyojaa hadi shingoni hupunguza kasi na huchakaa haraka, kwa kuwa inakosa pahali pa kusogezea vitu. Iachie angalau sehemu moja kati ya sita ikiwa tupu. Na usimgombeze muuzaji ukiona diski ya GB 500 inasomeka 465 kwenye Windows, au ya TB 1 ikasomeka 931. Kiwandani huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Ndani ya chipu, data hukaa katika seli. Seli ya TLC hubeba biti tatu, ya QLC hubeba nne. Kadiri unavyosheheni seli moja ndivyo inavyochoka mapema na ndivyo inavyoandika polepole. Diski ya QLC huficha hali hiyo kwa kutenga sehemu ndogo ya kuandikia haraka, na ikijaa, kasi huporomoka, wakati mwingine hata chini ya hadidiski. Kwa bei zinazokaribiana, chukua TLC. Kama lebo na tovuti ya mtengenezaji hazitaji aina ya seli, chukulia kwamba hakuna ahadi yoyote. Diski nyingine huwa na chipu ya DRAM ya kukumbuka ramani ya data, nyingine haina. Samsung 870 EVO inayo. Kingston A400 haina, na bado nimeziweka A400 kwenye kompyuta za mapokezi na zimefanya kazi yake. Kwenye diski ya SATA inayobeba hesabu za biashara, hata hivyo, ningelipia DRAM.

Kisha tafuta tarakimu ya TBW, yaani terabaiti ambazo mtengenezaji anadhamini kwamba zitaandikika katika maisha ya diski. A400 ya GB 480 imeandikiwa 160, na dhamana ya miaka mitatu. 870 EVO ya GB 500 imeandikiwa 300, na miaka mitano. Watu huziogopa tarakimu hizi bure. Piga hesabu: afisi inayoandika GB 20 kwa siku, ambayo ni nyingi, huandika TB 7.3 kwa mwaka. TBW 160 itamchukua mwenye afisi hiyo zaidi ya miaka 20, na kompyuta yenyewe itakuwa imeshauzwa chakavu.

Mambo hugeuka ukichanganya kamera. Maduka mengi yana kompyuta moja inayofanya kazi zote: risiti, barua, na kurekodi kamera za usalama. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde huandika GB 43 kwa siku. Kamera nne ni GB 172 kwa siku, TB 63 kwa mwaka, na ile TBW 160 inaisha katika miaka miwili na nusu. Kamera ziachie hadidiski. Hiyo ndiyo kazi inayoiweza, kuandika mfululizo bila kukimbizwa huku na huku. SSD ibaki na Windows na mafaili yako.

Sasa stima, na hapa naomba unisikilize sana. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani. Lakini kinachoua diski zetu ni kule kukatika kwa kila wiki, stima inayopotea, ikarudi, ikapotea tena ndani ya dakika moja. SSD huwa inasogeza data na kurekebisha ramani yake hata wakati wewe hujagusa kitu. Diski za seva hupewa vihifadhi umeme vya kuzimalizia sekunde ya mwisho. Hizi za kawaida, kwa sehemu kubwa, hazina. Nilimwekea mweka hazina wa chama cha akina mama SSD nzuri, mpya, halali. Jioni moja stima ikachezacheza mara tatu, na asubuhi kompyuta haikuiona diski kabisa. Rekodi za mikopo za miezi minne zilikuwa humo peke yake. Nilimwekea diski na sikumwekea UPS, ile betri ya dharura, na hilo ni kosa langu. Tangu siku hiyo kompyuta ya mezani yenye kazi ya maana siigusi kabla mwenyewe hajakubali kununua UPS ndogo. Ya VA 650 huipa kompyuta moja na skrini yake dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Kama bajeti inatosha SSD ya kifahari peke yake, au SSD ya kawaida pamoja na UPS, usisite: chukua hizo mbili.

Kengele iliyolipa jina Kengeleni ni ya enzi za makazi ya watumwa walioachiwa huru, yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875. Iligongwa kuwaonya watu wakamata watumwa walipokaribia. Hadidiski nayo ina kengele yake. Kabla ya kufa hugonga, hukwaruza, huchelewa, ukapata wasaa wa kuokoa vitu. SSD hufa kimya. Leo nzima, kesho haipo. Weka programu ya CrystalDiskInfo, itazame kila mwezi: inaonyesha afya kwa asilimia, saa ilizowaka, na kiasi kilichoandikwa. Haiwezi kutabiri kila kifo, kwa hivyo nakala ya pili ya mafaili ni lazima.

Na nakala hiyo isikae kwenye SSD nyingine iliyofungiwa kabatini. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinataka diski ya mtumiaji wa kawaida, ikishamaliza TBW yake, ishike data mwaka mmoja bila umeme kwenye joto la nyuzi 30. Msimu wa kaskazi, Februari na Machi, chumba chenye paa la mabati hapa Kisauni hupita nyuzi hizo kila mchana. Diski changa itastahimili muda mrefu kuliko hapo, lakini ya kuhifadhi miaka iwe hadidiski ya nje. Joto hilo hilo huwasumbua wenye NVMe: ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Usiibane chini ya kadi ya picha, na futa vumbi kwenye feni. Chumvi ya bahari nayo hula vichomeo. Kila ukifungua kasha, pangusa meno ya nyaya kwa spiriti.

Ununuzi wenyewe. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani, vituo vya data vya akili mnemba vikizigombania. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuacha kuuza bidhaa za Crucial kwa watumiaji wa kawaida, kwa hivyo ukiona Crucial rafuni ulizia dhamana itashughulikiwa na nani. Bei zikipanda, bandia huzaana. Mtu akikupa TB 4 kwa bei ya GB 240, hiyo si bahati. Kuna makasha ambayo ukiyafungua unakuta kadi ya kumbukumbu ya simu imebandikwa kwa gundi, na programu ya udanganyifu inayoiambia kompyuta kuna TB 4. Faili za kwanza zitakaa. Zitakazofuata zitaandikwa juu ya zile za mwanzo, na hutajua hadi siku utakayozihitaji.

Ukinunua kisiwani, Digo Road au Moi Avenue, omba ichomekwe mbele yako na ufungue CrystalDiskInfo pale pale. Diski mpya huonyesha saa sifuri au chache sana. Ukiona saa 9,000, ni mtumba uliovalishwa boksi jipya. Linganisha namba ya bidhaa iliyo kwenye lebo, kwenye boksi na kwenye skrini. Zote tatu zifanane, na iandikwe kwenye risiti. Ukiagiza Luthuli Avenue, Nairobi, ikaletwa kwa basi, kubalianeni kabla hujatuma pesa ni nani atagharimia kuirudisha. Nyumbani, kabla ya kuweka chochote, endesha H2testw, au F3 kwenye Linux: huijaza diski yote kisha huisoma upya kuona kama kila kilichoandikwa kimerudi. Kupitia waya wa USB ya zamani jaribio hili linaweza kula siku nzima. Liache liendelee.

Kuhamisha si kazi ngumu. Adapta ya USB ya SATA, programu ya Clonezilla, jioni moja ya utulivu, na kompyuta itaamka juu ya diski mpya kama ilivyolala. Leseni halali ya Windows kwa kawaida hufuata bodi kuu, haitapotea. Lakini hadidiski ikiwa imeanza kugonga, usiilazimishe kunakiliwa nzima: okoa hati na picha kwanza, kisha weka Windows upya.

Imebaki ile ya zamani. Ikiwa bado nzima, itie kwenye kasha la USB iwe ya nakala, ukiihifadhi mbali na duka. Usiiuze hivi hivi. Ndani yake kuna vitambulisho, PIN za KRA na vyeti vya kuzaliwa vya nusu ya mtaa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka wewe uliyezipokea uzilinde. Kufuta na kumwaga pipa la taka hakutoshi, mafaili yanarudishika. Hadidiski iandike sifuri mwanzo hadi mwisho. SSD ifute kwa amri ya kufuta salama iliyo kwenye programu ya mtengenezaji, kwa sababu ina akiba iliyofichika ambayo kuandika juu hakuifikii. Na hadidiski iliyokufa, isiyosomeka tena, ifungue kwa bisibisi ya ncha sita uharibu sahani zake kabla haijaenda kwa mnunuzi wa vyuma. Za laptopu mara nyingi ni za kioo: zifunge ndani ya kitambaa kizito kabla ya kupiga nyundo, na uvae miwani.